UVIMBE USIOUMA

Maneno yaliyosemwa na genge la njia mbele ya mkutano wa tawi



Mkutano uliopita tulisema habari za mishahara, na mkutano ujao tutazisema tena. Leo tumeomba robo saa tuseme habari za mguu. Sisi wa genge si madaktari. Shule yetu ni ile ya misheni, tena wengi tuliishia darasa la nane. Lakini tumewauliza wenye kujua, tukaandika majibu yao katika daftari, na hayo ndiyo tuliyoyaleta hapa.

Mwamwona ndugu yetu aliyeketi mbele na magongo yake. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa kusema habari zake. Mwaka 2016 tulikuwa tukibadilisha mataruma, mtaimbo ukateleza ukampiga pajani. Baada ya wiki moja maumivu yakaisha, lakini alipojipapasa alikuta uvimbe kadiri ya ndimu. Haukuuma hata kidogo. Basi sote tukasema ni ule mtaimbo, damu imeganda, itayeyuka. Tukamkanda kwa mafuta ya moto jioni baada ya jioni. Ni sisi tuliomkanda, hatumsingizii mtu mwingine.

Miezi sita ikapita na uvimbe ukazidi. Akaenda mahali fulani, akadungwa sindano ya ganzi, akakatwa mchana mmoja, akaambiwa ni mafuta tu. Kile kinyama kikatupwa ndooni. Siku ya pili alikuwa kazini, kwa maana yeye alikuwa kibarua wa kutwa, na siku usiyofanya kazi hulipwi. Mwaka haujaisha, uvimbe ulirudi palepale penye kovu, mkubwa kuliko wa kwanza. Safari hii alipelekwa hospitali kubwa, nyama ikapimwa, ikaonekana ni saratani. Mguu ukakatwa.

Saratani hiyo yaitwa sarkoma. Huanza katika nyama laini za mwili: misuli, mafuta, kano, mishipa ya damu na ya fahamu. Ni chache sana. Katika watu wazima 100 wenye saratani, labda 1 ndiye mwenye hiyo. Lakini yapenda mikono na miguu, na paja kuliko pengine pote. Ikiachwa husafiri kwa damu, na mara nyingi kituo chake cha kwanza ni mapafu.

Tuliuliza, je, ni mtaimbo ulioileta? Tukaambiwa sivyo. Pigo humfanya mtu ajipapase, naye akakuta kitu kilichokuwako tangu zamani. Hayo yalitupoza moyo kidogo, maana aliyeushika ule mtaimbo ni mmoja wetu.

Sasa msiende nyumbani kila mtu akilia juu ya kinundu chake. Uvimbe mwingi si saratani. Kwa kila mmoja ulio mbaya, iko zaidi ya mia isiyo na neno. Ule wa mafuta, ulio laini, unaotelezateleza chini ya ngozi na kukaa miaka bila kubadilika, hauna haja ya hofu. Lakini chukua sanduku la kiberiti. Uvimbe ukipita urefu wake, yaani kama inchi 2, au ukizidi kukua, au ukiwa ndani sana chini ya misuli, au ukirudi baada ya kukatwa, nenda ukaonwe. Usingoje uume. Wengi wenye sarkoma hawaumwi mwanzoni, na hapo ndipo tulipodanganyika sisi.

Ukifika kwa daktari, usikubali ukatwe upesi upesi. Kwanza hupigwa picha: ultrasaundi, na ikiwezekana ile ya MRI. Kisha hutolewa kipande chembamba kwa sindano nene, kikapimwe. Baada ya hapo ndipo kisu. Anayekata kwa kubahatisha huzitawanya mbegu za ugonjwa katika nyama nzima, na yule atakayekuja nyuma yake hulazimika kukata pakubwa zaidi. Hata upande wa mkato una maana: uende kwa urefu wa mguu, usiukate mguu kwa kukingama. Ndugu yetu alikatwa kwa kukingama. Na kila kinyama kinachotolewa kipelekwe kupimwa. Ndoo si mahali pake.

Tena wako wanaojificha kwa kuogopa kwamba kila sarkoma ni kupoteza mguu. Zamani ilikuwa hivyo kwa wengi. Lakini huko Marekani madaktari wa taasisi ya saratani ya serikali waliwagawanya wagonjwa 43: 16 walikatwa mkono au mguu, na 27 waliondolewa uvimbe peke yake, kisha wakatibiwa kwa miale. Wote walipewa na dawa. Habari zao zilitolewa mwaka 1982. Katika wale 27, wanne uvimbe uliwarudia palepale. Lakini hesabu ya walio hai baada ya miaka 5 ilikaribiana, 88 kwa mia waliokatwa na 83 kwa mia waliobakiziwa viungo. Tangu hapo, kuokoa kiungo ndiyo desturi kila inapowezekana. Miale iko hapa nchini pia, kama vile katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

Neno moja kwa wanaonyunyizia njia dawa ya magugu. Huko Sweden, mwaka 1974, walichunguzwa wafanyi kazi wa reli walionyunyizia dawa kama hizo, na mwaka 1979 uchunguzi mwingine uliona sarkoma zaidi kwa watu waliozigusa dawa za aina fulani. Wengine waliochunguza baadaye hawakuona vivyo hivyo, na mabishano yangaliko. Sisi hatutangoji mabishano yaishe ndipo tuombe glavu.

Basi, Bwana Mwenyekiti, genge laomba kamati ipeleke mambo mawili kwa wakubwa. La kwanza, kibarua mwenye barua ya daktari ya kwenda kupigwa picha au kupimwa nyama asikatwe mshahara wa siku hiyo. Ndugu yetu alihesabu siku, akachagua mahali pa karibu penye kisu cha haraka, kwa sababu ya mshahara wa kutwa moja. La pili, glavu, viatu vya mpira na vitambaa vya kufunika pua kwa kila anayebeba bomba la dawa.

Ndugu yetu yuko tayari kuulizwa. Asema msimwulize habari za magongo, mwulizeni habari za ule uvimbe wa kwanza.