Kabla Hawajarudi Kuomba Kura

Wazee wetu, wamama, wababa, vijana wa Sake, nanyi mliokuja kwa miguu kutoka Shasha, Mushaki na Karuba:

Nimeombwa niseme juu ya kazi ya mbunge. Kijana mmoja pale nyuma amecheka, na wala simlaumu. Anacheka kwa kuwa hatuna mbunge. Desemba 2023 nchi ilipiga kura, Masisi na Rutshuru zikaachwa nje kwa sababu ya vita. Bunge la Taifa kule Kinshasa lina viti 500, na vile vya Masisi vilibaki bila mwenyewe. Bunge letu la jimbo la Kivu Kaskazini nalo lilisimamishwa Mei 2021, ilipoanza ile hali ya dharura ambayo wote tunaiita état de siège, na kiti cha gavana akapewa jenerali. Katiba inasema hali hiyo iongezwe kwa siku 15 tu kila mara. Ikaongezwa, ikaongezwa tena, mpaka wengi tukaacha kuhesabu.

Sitasema leo ni nani anayeshika bunduki barabarani. Mnamwona wenyewe, na mimi nataka kulala kwangu usiku huu. Nitasema juu ya kile kiti kitupu, maana siku moja kura itarudi, na watakaokitaka watakuja hapa hapa. Wasitukute kama walivyotukuta zamani.

Zamani, tulipokuwa na mbunge, tulimwomba nini? Tuseme kweli. Jeneza msiba ukitokea. Chumvi na sabuni wakati wa kampeni. Jezi za timu ya vijana. Mtoto wa shangazi atafutiwe kazi Goma. Naye hakuwa mjinga: alitupa vile vile tulivyoomba, akapiga picha, akapanda gari, vumbi likabaki kwetu. Siwasemi vibaya waliopokea. Mama aliyekimbia hapa Februari 2024 akalala kambini Bulengo chini ya hema la plastiki, akipewa kilo ya chumvi, aichukue. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Ila mjue kwamba mheshimiwa aliyegawa chumvi ana hesabu zake kichwani. Ukimwuliza baada ya miaka miwili habari ya barabara ya Sake kwenda Masisi, moyoni mwake deni lako lilikwisha siku ile ya chumvi.

Sasa sikilizeni Katiba inasemaje, ile ya 18 Februari 2006. Kifungu cha 197 kinasema bunge la jimbo hujadili na kuamua mambo ya jimbo, tena hudhibiti serikali ya jimbo na huduma za umma za jimbo na za mahali. Basi. Humo hamna jeneza. Hamna chumvi. Mbunge amepewa vifaa vya kazi hiyo: swali la mdomo, swali la maandishi, kumwita waziri aje ajieleze mbele ya wote, tume ya uchunguzi, na mwisho kabisa kura ya kuwaondoa walioshindwa. Na kila mwaka kuna kikao cha bajeti, siku ambazo mtu anaweza kuuliza kila franka inaenda wapi. Mbunge ambaye amemaliza miaka mitano hajauliza swali hata moja kwa maandishi, hata angezika kijiji kizima kwa pesa yake, hakufanya kazi aliyotumwa.

Mnaniuliza aulize nini? Njooni tusimame njia panda yetu saa mbili asubuhi. Kijana anashuka na chukudu, ile baiskeli ya mbao, kutoka juu, magunia ya makala yamefungwa kwa mpira, mguu umekanyaga kipande cha tairi kinachofanya kazi ya breki. Barieri. Anatoa franka. Akibahatika anapewa kikaratasi: muhuri umefifia, kiasi kimeandikwa kwa kalamu, jina la kodi halisomeki. Anasukuma tena. Barieri nyingine, na kile kikaratasi cha kwanza hawakitambui. Jioni, kijijini kwake, anadaiwa kodi ya «lala salama», na hapo anapewa jetoni ili akikutwa njiani ajulikane kwamba amelipa. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu barieri 798 katika Kivu zetu mbili, na nyingi zilikuwa mikononi mwa askari wa serikali yenyewe. Bendera hubadilika kwenye mti ule unaofunga njia. Mti wenyewe haubadiliki.

Haya, kifungu cha 174 cha Katiba kinasema hakuna kodi ila ile iliyowekwa na sheria. Na tangu 2018 kuna orodha ya taifa ya kodi ambazo jimbo, usultani na sekta zinaruhusiwa kutoza. Kwa hiyo mbunge wetu ana maswali matatu ya kuandika, na hayahitaji digrii ya chuo kikuu: kodi hii imo katika orodha? Ni nani aliyeipokea mwaka huu, na jumla yake ni ngapi? Iliingia katika akaunti ipi? Akiandika, waziri wa fedha wa jimbo akajibu, jibu likawekwa katika kumbukumbu za bunge, yule kijana wa chukudu amesaidiwa kuliko kwa jezi.

Ndugu zetu wa Walikale wana swali lao, zito zaidi. Sheria ya madini ya 2018 imegawa mrabaha wa migodi hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta au usultani ambamo mgodi umo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Bati la Bisie linatoka ardhini Walikale. Zile 15 zimejenga nini? Zile 25 zilipita ofisi ipi? Namba hizo ziko wazi katika sheria, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Mbunge wa huko akirudi likizo na mchele badala ya majibu ya maswali hayo, mpokeeni mchele, kisha mwulizeni tena. Na sisi wa Masisi tusiwacheke, kwa sababu koltani ya Rubaya inapita karibu nasi miaka yote, na mngetaja darasa moja lililojengwa kwayo ningewashukuru.

Mtaniambia: anayeuliza hufukuzwa. Ni kweli, na mfano tunao. Januari 2009 askari wa Rwanda waliingia Kivu kwa makubaliano na Rais Kabila, bila Bunge kuarifiwa. Vital Kamerhe, aliyekuwa Spika, alisema hadharani kupitia Radio Okapi kwamba yeye hakujulishwa. Machi mwaka ule ule alikwisha kujiuzulu. Simtangazi kuwa mtakatifu. Baadaye alihukumiwa kwa kesi ya fedha za umma mwaka 2020, mahakama ikamwachia huru 2022, akarudi kwenye kiti cha Spika 2024, akajiuzulu tena 2025. Maisha marefu ya siasa, na kila mmoja ana maoni yake juu yake. Lakini siku ile ya 2009 alifanya kazi ya mbunge, na kazi hiyo ilimgharimu kiti. Ninyi mnaotaka kugombea, mlioko hapa na mnajijua, pimeni hilo kabla ya kuchapisha picha zenu.

Na sisi tupime la kwetu. Wabunge wa majimbo wamezoea kukaa miezi bila malipo, kisha ndio hao hao wanaomchagua gavana, ndio wanaochagua maseneta. Mtu mwenye njaa akipewa kura inayotafutwa na matajiri, minong'ono ya bahasha haikosekani. Tunataka mbunge asiyenunulika, lakini hatujawahi kudai alipwe kwa wakati. Hilo nalo ni swali la bajeti, japo najua halipendezi masikioni.

Kuna jambo jingine, na nitalisema polepole. Kifungu cha 101 kinasema mbunge wa taifa anawakilisha taifa. Hakikusema mbunge wa Wahunde, wala wa Wahutu, wala wa Watutsi, wala wa Wanyanga. Masisi tunajua maneno yale yalitufikisha wapi. Machi 1993 moto wa ukabila uliwaka kwenye soko la Ntoto, Walikale, ukapanda mpaka huku, na wapo waliokaa mbele yangu ambao hawajawahi kurudi kwenye shamba la baba yao. Mgombea akija akasema «watu wangu», mwulizeni: na hawa wengine, wanaolipa barieri ile ile, ni wa nani? Kisha mwangalieni usoni anapojibu.

Basi, tufanye nini wakati kiti ni kitupu? Wenzetu wa Beni waliliona hili kabla yetu. Desemba 2018 kura yao iliahirishwa, sababu ikatajwa Ebola na usalama. Tarehe 30 walijipanga foleni, wakanawa mikono, wakapiga kura yao ya mfano. Haikutambuliwa rasmi, ila Machi 2019 wakapewa uchaguzi wa wabunge wao. Sisemi tuige foleni, maana mazingira yetu hayafanani na yao. Ila kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kuandika ombi kwa mamlaka, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Ombi halihitaji mbunge. Linahitaji swali lililoandikwa vizuri, tarehe, na nakala inayobaki kwetu.

Tarehe ni muhimu. Wakikaa kimya miezi mitatu, tunaandika tarehe ya kimya chao. Na siku mgombea wa kwanza atakaposhuka kwenye gari hapa njia panda, hatutamwimbia. Tutamsomea daftari la maswali yetu, swali baada ya swali, tumwombe aweke sahihi kwenye yale atakayoyabeba bungeni. Asiyetaka kuweka sahihi aende na chumvi yake Goma.

Daftari liko kwa katibu, pale kwenye meza chini ya mvule. Kila swali liwe juu ya kitu kimoja: kodi moja, daraja moja, shule moja. Mwandike jina la kijiji, msiandike kabila. Asiyejua kuandika amwambie katibu, naye atasoma kwa sauti alichoandika mpaka mwenye swali aridhike. Waanze wa Shasha, wana safari ndefu na jua linashuka.