Udongo Nao Una Leja
(Maneno ya mweka hazina katika harambee ya mwaka)



Kamati imenipa dakika chache nieleze kwa nini mwaka huu fungu la kuhifadhi udongo limewekwa mbele ya fungu la ukumbi. Najua ukumbi una wapenzi wengi hapa.

Leja kongwe kuliko zetu zote iko chini ya Ziwa Victoria, ambako Mto Kagera humwaga maji yake. Mwaka 1996 watafiti waliotoa tope sakafuni mwa ziwa walitangaza kwamba chini ya tope hilo walikuta udongo wa nchi kavu. Maana yake ziwa lile lilikauka, zaidi ya miaka 14,000 iliyopita. Baadaye mvua zikarudi na misitu ikaenea kulizunguka. Miaka kama 5,000 iliyopita hali ikaanza tena kuelekea ukavu.

Sasa, udongo huondoka lini zaidi? Wengi tungejibu: mvua ikiwa nyingi. Mwaka 1958 Langbein na Schumm walilinganisha mito ya Marekani wakaona jambo lingine. Mito iliyobeba udongo mwingi haikuwa ya misituni wala ya jangwani. Ilikuwa ya nchi kavu kiasi, yenye mvua ya kutosha kusomba udongo lakini isiyotosha kuotesha majani ya kuushika. Kwa hiyo hatari kubwa ni pale ukame unapovua mlima nguo zake, kisha mvua ikarudi kwa kishindo kabla nyasi hazijaota. Msitu ukishasimama, mvua ileile inanyesha na udongo unatulia.

Tusisingizie hali ya hewa peke yake, lakini. Kule Katuruka, upande wa Bukoba, watu walikuwa wakiyeyusha chuma kwa mkaa kama miaka 2,000 iliyopita, na mkaa ni miti. Leo sisi tunavua mlima nguo kwa jembe, moto na mifugo, bila kungoja ukame.

Na mvua za kishindo hazijaisha. Wazee wanakumbuka zile za 1961. Kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Mwaka 2020 likafika tena kimo hicho.

Nifanye hesabu moja, maana ndiyo kazi yangu. Milimita moja ya udongo, unene wa ukucha, ikiondoka kwenye ekari moja ni mita za ujazo nne, yaani tani tano hivi. Hakuna anayeiona ikienda. Kibanja chenye migomba iliyotandazwa nyasi hupoteza kidogo sana. Shamba la maharage lililolimwa kufuata mteremko, likiwa tupu mvua za kwanza za vuli zinapofika, ndilo linalolipa deni lote.

Fedha tunazoomba ni za makingamaji yanayokata mteremko, matete ya kupanda kwenye kingo zake, na miche ya miti kwa vilele vilivyobaki wazi. Kazi ya kuchimba itafanywa na wenye mashamba wenyewe. Sisi wa mjini tunaombwa vifaa, miche na usafiri. Miche inatakiwa iwe imeshika kabla ya masika, hivyo ahadi ya kulipwa mwezi wa sita haitatusaidia msimu huu. Kadi za ahadi ziko meza ya kushoto, na stakabadhi zinatolewa papo hapo.