Unyevu Katika Nyumba za Kale na Kifua cha Mtoto

Leo nazungumza hasa na wanaoishi katika nyumba za mawe za kale, kama zile za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa. Lakini hata wewe wa kwingine, tega sikio. Unyevu hauchagui nyumba.

Wakati wa masika nilimtembelea mama mmoja mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa akikohoa kila usiku. Alipewa dawa, akapata nafuu, kisha kikohozi kikarudi. Niliomba nione anapolala. Kitanda kilikuwa kimesogezwa hadi ukutani, na ukuta umeota ukungu mweusi. Dirisha lilizibwa na kabati. Nje, mtaro wa kichochoroni ulijaa taka, na maji yalisimama chini ya ukuta ule ule.

Mama akaniambia, "Sista, ukuta huu tuliupiga simiti ili usiingie maji."

Sikilizeni vizuri hapa. Wazee walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mawe hayo hunyonya maji ya ardhini, na chokaa huyaacha yatoke polepole yakaushwe na upepo. Ukifunika kwa simiti, maji hukosa pa kutokea. Hupanda juu zaidi ndani ya ukuta, na plasta hubambuka. Ukungu nao hutoa chembe ndogo zisizoonekana. Mtoto akizivuta, pua na kifua huwashwa, na mwenye pumu hubanwa zaidi.

Basi ufanye nini?

Kwanza, ondoa maji. Zibueni mtaro pamoja na majirani, na zibeni paa linalovuja. Maji ya kuoga na kufulia yasimwagwe karibu na ukuta.

Pili, ingiza hewa. Fungua madirisha kila siku mvua isiponyesha. Sogeza kitanda mbali na ukuta. Kiwanda, yaani ule uwazi wa katikati ya nyumba, kisizibwe. Kiliwekwa ili hewa ipite. Nguo mbichi zianikwe nje.

Tatu, sugua ukungu kwa maji na sabuni, kisha kausha. Mtoto asiwe chumbani wakati huo. Ukisugua kabla ya kuondoa maji, ukungu utarudi.

Nne, ukitengeneza ukuta wa kale, mwambie fundi atumie chokaa.

Na tafadhali, usikaushe chumba kwa jiko la makaa ukiwa umefunga madirisha. Hewa yake yenye sumu haionekani wala hainuki, nayo huua.

Kusafisha nyumba si badala ya matibabu. Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Wa chini ya miezi 2 akifikisha 60, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya au kunywa, kimbia hospitali, hata kama ni usiku.

Yule mama alihamisha kabati na kitanda, na majirani wakazibua mtaro. Kikohozi cha usiku kimepungua. Simiti wanaibandua kidogo kidogo, kadiri pesa zinavyopatikana.

Leo kabla ya kulala, tia mkono nyuma ya kitanda cha mtoto, uguse ukuta. Ukiwa na unyevu, anza kesho asubuhi.