NGOME ILIYOSIMAMA SI LAZIMA IWE NA ADUI NDANI

Askari aliyefunzwa vyema hatangazi ushindi kwa sababu bunduki zimenyamaza. Wala hakati tamaa kwa sababu kuta za ngome ya adui bado zimesimama. Kwanza hupeleka wapelelezi wakaangalie kama ndani mna uhai. Kanuni hiyo ya medani ndiyo inayotumika leo katika vita dhidi ya saratani ya ini, adui wa siku nyingi katika nchi jirani za Uganda, Kenya na Msumbiji.

Adui huyu anao washirika wawili wanaojulikana. Wa kwanza ni virusi vya homa ya ini aina ya B. Wa pili ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliwaugusha watu 317, na 125 kati yao wakafariki. Hao waliuawa na sumu nyingi kwa mara moja. Sumu hiyo ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huchochea saratani, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini.

Kwa mgonjwa asiyeweza kupasuliwa, mojawapo ya tiba ni kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa mpaka kwenye ini, kumwaga dawa palepale penye uvimbe, kisha kuuziba mshipa unaoulisha. Baada ya wiki kadhaa mgonjwa hurudi kupigwa picha kwa mashine ya CT au MRI. Hapo ndipo penye swali zito: je, tiba imefaulu?

Zamani jibu lilitafutwa kwa rula. Uvimbe ukipungua, tiba imefaulu. Ukibaki vilevile, haikufaulu. Kanuni ya kimataifa ya kupima vipenyo ilitangazwa mwaka 2000. Lakini uvimbe uliokufa waweza kubaki na ukubwa wake kwa miezi mingi, kama boma lililohamwa. Mwaka huohuo wa 2000 mabingwa wa maradhi ya ini walikutana Barcelona, Hispania, wakashauri kwamba kipimwe kile kilicho hai tu. Mwaka 2010 ushauri huo ukawekewa kanuni kamili.

Msingi wa kanuni hiyo ni damu. Ini lenye afya hupata karibu robo tatu ya damu yake kutoka kwenye mshipa mpana utokao matumboni. Saratani hujilisha zaidi kwa ateri. Kwa hiyo mgonjwa hudungwa dawa ya kung'arisha picha, na katika sekunde za kwanza, dawa ikiwa bado katika ateri, sehemu ya uvimbe iliyo hai hung'aa. Iliyokufa hubaki nyeusi. Mng'ao ukitoweka wote, tiba imejibu kikamilifu. Kipenyo cha sehemu hai kikipungua kwa asilimia 30 au zaidi, imejibu kwa kiasi. Kikiongezeka kwa asilimia 20 au zaidi, ugonjwa unasonga mbele.

Jambo hili si mabishano ya wataalamu tu. Mwaka 2008 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya dawa ya vidonge iitwayo sorafenib. Kati ya wagonjwa 299 walioipata, 7 tu ndio waliopungukiwa uvimbe kwa kipimo cha rula. Hata hivyo, muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 10.7, dhidi ya miezi 7.9 kwa wasioipata. Daktari aliyetegemea rula peke yake angeweza kumnyima mgonjwa dawa inayomsaidia. Naye asiyeuona mng'ao mdogo uliobaki ukingoni angemrudisha nyumbani mtu ambaye adui yake bado yu hai.

Lakini mashine bila matunzo ni chuma kitupu. Mjini Kampala, ambako Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967, mashine ya tiba ya mionzi iliharibika kabisa mwaka 2016. Ile ilikuwa ya kutibu, si ya kupiga picha. Lakini funzo ni lilelile. Fundi, vipuri na msomaji hodari wa picha ni silaha sawa na mashine yenyewe.

Walinzi wa taifa nao wana wajibu wao. Chanjo ya homa ya ini aina ya B iliingizwa katika chanjo za watoto wa nchi hizi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Askari wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Hawana budi kupimwa, na asiye na virusi achanjwe. Maghala ya kambi yawe makavu, na nafaka yenye ukungu isipikwe. Naye aliyekwisha kutibiwa asikose siku ya picha kwa kuwa anajiona mzima. Mficha maradhi, kifo humuumbua.