Mshipi wa Mpogoaji na Mahali pa Msumeno

Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Sudi



Kila mwaka, korosho zikiisha kuuzwa, wakulima wa Sudi na wa mwambao wote wa Lindi na Kilwa huingia katika kazi ya kupogoa. Matawi makavu huondolewa na yaliyosongamana hupunguzwa, ili jua na hewa vipenye kabla mikorosho haijachanua. Umuhimu wa kazi hii ulionekana zamani. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata kiasi cha tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi tani 16,500 hivi. Sababu zilikuwa nyingi, lakini miongoni mwake yalikuwamo mashamba yaliyoachwa bila matunzo na ugonjwa wa ubwiri unga.

Basi msumeno ni chombo cha uchumi. Hata hivyo, chama huweza kuorodhesha misumeno yake yote daftarini na kusahau usalama wa mtu anayepanda nayo mtini.

Hatari yenyewe

Ukwezi wa minazi umewazoesha watu wa mwambao kubeba panga kiunoni. Desturi hiyo haifai kwa msumeno. Msumeno ni mrefu, una meno toka mwanzo hadi mwisho, nao hunasa vijitawi mpandaji anapojipenyeza. Ukinasa, humvuta nyuma. Ukiegemea kamba iliyombeba, huila taratibu bila yeye kujua.

Aidha, mikorosho na minazi ni makao ya majimoto. Sisimizi hao ni rafiki wa mkulima, kwa kuwa huwinda wadudu wanaofyonza machipukizi na matunda machanga, wala hawastahili kuangamizwa. Lakini anayeumwa nao huachia mkono bila kukusudia. Wakati huo hana tegemeo jingine ila mshipi.

Kuuandaa mshipi

Kanuni ya kwanza: mshipi unaobeba mwili ununuliwe ule uliotengenezwa mahsusi kwa kazi ya kupanda. Fundi wa viatu au cherehani ashone ala na vitanzi vya vifaa tu. Ukanda wa mwili usitobolewe, usikatwe wala usichomwe kwa chuma cha moto, maana tundu dogo huanzisha mpasuko.

Pili, msumeno wa mkono uwe na ala ya turubai nene au ngozi inayofunika meno yote. Ala ifungwe ubavuni, chini ya kiuno, na ikazwe pajani kwa ukanda wa pili ili isiyumbe. Isikae mgongoni, kwani aangukaye huangukia chombo chake.

Tatu, kitanzi cha msumeno kisifungwe kwenye pete inayopokea kamba ya uhai. Kiwe peke yake, na uzi wake uwe mwembamba, ili msumeno ukinaswa na tawi linaloanguka uzi ukatike na mtu abaki mtini.

Nne, msumeno mkubwa usibebwe wakati wa kupanda. Mpogoaji apande mikono mitupu, ajifunge kwenye tawi bichi lenye unene wa kutosha, kisha avute msumeno kwa kamba ya pili kutoka kwa mwenzake aliye chini. Akianza kukata, awe amefungwa mahali pawili, ili akikosea na kukata kamba moja, nyingine imshike. Msumeno wa mnyororo upandishwe ukiwa umezimwa, na utumiwe juu ya mti na aliyefunzwa tu.

Kuutunza

Kabla ya kila kupanda, mkanda wote upitishwe mkononi na ukunjwe shubiri kwa shubiri, kwa kuwa ukikunjwa ndipo nyuzi zilizokatika hujitokeza. Mishono itazamwe, bizimu zijaribiwe, pete zikaguliwe kama zina ufa au kutu. Utomvu na mchanga vioshwe kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, kisha mshipi uanikwe kivulini, maana jua kali hudhoofisha nailoni. Usihifadhiwe karibu na petroli, maji ya betri wala dawa za mashamba.

Mshipi uliokwisha kumdaka mtu aliyeanguka usitumike tena, hata ukionekana mzima. Ukatwe vipande mbele ya mashahidi, asije mtu akauokota na kuuamini.

Wajibu wa chama

Katibu afungue ukurasa mmoja wa daftari kwa kila mshipi: namba yake, tarehe ya kununuliwa, tarehe za ukaguzi, jina la aliyeazimwa na saini yake. Asiazime msumeno wa kupandia bila mshipi. Gharama ya mishipi iingizwe katika makadirio yanayopelekwa kwenye mkutano mkuu, wanachama waijadili na kuipitisha wenyewe.

Liko pia jambo la malipo. Kijana anayelipwa kwa idadi ya miti huona kufunga na kufungua mshipi ni kupoteza ujira, akautundika tawini na kupanda hivyo hivyo. Chama kinachopanga malipo ya namna hiyo kimemsukuma kwenye hatari, hata kama kimempa mshipi mpya. Heri alipwe kwa siku, au bei ya kila mti ihesabu muda wa kujifunga.

Husemwa kuwa ajali haina kinga. Msemo huo ni wa kumliwaza aliyepatwa, wala si udhuru wa kamati. Tawi lililobaki bila kupogolewa litangoja msimu ujao. Mwanachama aliyevunjika uti wa mgongo hana msimu mwingine, na shamba lake huwaangukia mkewe na watoto.