Kompyuta Inayojizima na Kujiwasha: Tufanye Nini Kabla ya Kwenda kwa Fundi?

(Hotuba kwa makatibu na waweka hazina wa vikundi vya akina mama, vijana na wakulima)



Tumeombwa tuseme machache juu ya shida ambayo vikundi vingi vinatuletea. Kompyuta ya nyumbani inawashwa, inanguruma kidogo, inajizima, halafu inajiwasha tena yenyewe. Inazunguka hivyo hivyo bila kufika popote.

Je, hii ni shida ya kikundi au ya mwenye kompyuta? Ni ya sisi sote. Makatibu wengi huweka hesabu za chama katika kompyuta ya nyumbani: nani ametoa mchango, nani amekopa, nani bado hajalipa. Siku ya kugawana pesa ikifika na mashine haiwaki, maneno huanza, na watu waliokuwa wakiaminiana huanza kutazamana vibaya. Kompyuta nyingine yaweza kununuliwa. Hesabu za miaka mitatu haziuzwi dukani. Kwa hiyo neno letu la leo ni moja: tuokoe kumbukumbu kwanza, mashine baadaye.

Hatari ni hii. Mtu huibeba kompyuta mbio mbio hadi kwa fundi na kusema tu, "Imekufa." Fundi asipoambiwa zaidi, huenda akafanya lile lililo jepesi kwake: anafuta kila kitu na kupiga Windows upya. Kompyuta yaweza kuwaka vizuri, lakini hesabu zimekwenda. Na pengine ugonjwa wenyewe ulikuwa waya tu!

TAZAMA KWANZA INAZIMIKA WAKATI GANI

Chukua kalamu na karatasi. Washa mara moja au mbili, utazame, uandike.

Ikizimika kabla ya kitu chochote kuonekana kwenye skrini, shuku stima au vyuma vya ndani. Ikionyesha jina la mtengenezaji na kuzimika Windows inapoanza, shuku programu au diski. Ikiwaka vizuri na kuzimika baada ya dakika kumi hivi za kazi, shuku joto.

Lakini ukisikia diski ikigonga tik-tik-tik, zima na usiiwashe tena. Diski hiyo huenda inakufa, na kila unapowasha unaweza kupoteza zaidi.

ANZA NA VITU VYA NJE

Kwanza, stima. Ondoa ekstensheni, uchomeke kompyuta moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Jaribu waya mwingine unaofanana na wake. Stima yetu hapa Kenya yapasa kuwa volti 240, lakini sote twajua jinsi taa zinavyofifia jioni. Stima ikishuka ghafla, kompyuta ya mezani hujizima hata kama taa zinaendelea kuwaka. Jaribu asubuhi mapema, au kwa jirani ambaye stima yake imetulia.

Pili, chomoa kila kitu kisichohitajika: printa, flashi, spika. Flashi iliyosahaulika huweza kuizuia kompyuta isiwake, kwa sababu inatafuta Windows ndani ya flashi badala ya kwenye diski.

Tatu, bonyeza kitufe cha kuwashia na uone kama kinarudi. Kitufe kilichokwama ndani huzima na kuwasha mashine chenyewe.

Kwa laptopu, chomoa chaja, na betri pia kama inatoka. Shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha ujaribu na chaja peke yake.

NDANI YA SANDUKU

Anayetaka kufungua kompyuta ya mezani achomoe waya wa stima kwanza, kisha abonyeze kitufe cha kuwashia ili stima iliyobaki iishe. Aguse chuma cha sanduku kabla ya kugusa kitu kingine. Lakini kile kisanduku cha chuma ambamo waya wa stima huingia, asikifungue kamwe. Huhifadhi stima kali hata baada ya kuchomolewa.

Huku kwetu kwenye barabara za vumbi, ndani huwa kama kiota cha ndege. Pangusa kwa brashi laini, ukiizuia feni isizunguke. Feni isipofanya kazi, kompyuta hupata joto na kujizima ili isiungue. Huko ni kujilinda.

Kisha vichomoe vibao vya kumbukumbu, ambavyo mafundi huviita ramu. Futa meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba safi ya penseli, uvirudishe mpaka vikaze. Kama ni viwili, jaribu kimoja kimoja. Fanya jambo moja, washa, tazama, andika. Ukibadilisha mambo matano kwa pamoja, hutajua ni lipi lililoponya.

VYUMA NI VIZIMA, PROGRAMU NI MGONJWA

Tukumbuke tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya Marekani ya ulinzi wa kompyuta, CrowdStrike, iliwatumia wateja wake marekebisho yenye kasoro. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 ziliathirika. Ndege zilikwama, benki na hospitali zikapata taabu, kompyuta zikijiwasha upya bila kikomo. Vyuma vyake vilikuwa salama kabisa! Dawa ilikuwa kuingia katika hali ya usalama na kufuta faili moja yenye kasoro. Kama watu wangekimbilia kununua mashine mpya, wangetupa zilizo nzima.

Windows 10 au 11 ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, kwa kawaida huleta yenyewe ukurasa wa matengenezo. Humo tafuta hali ya usalama. Ikiwaka kwa njia hiyo, kabla ya kitu kingine chochote, nakili hesabu za kikundi kwenye flashi. Kisha ondoa programu au marekebisho yaliyoingia karibuni. Ukiulizwa kama unataka kufuta kila kitu, usikubali.

Mashine nyingine zitakuuliza ufunguo wa tarakimu 48, kwa kuwa diski yake imefungwa kwa BitLocker. Mara nyingi ufunguo huo huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Utafuteni leo, mkauandike mahali salama, maana bila ufunguo huo hata fundi hodari hawezi kufungua.

UKIFIKA KWA FUNDI

Hakuna aibu kushindwa. Nenda na karatasi yako. Mwambie, "Usifute kitu. Tunataka kumbukumbu kwanza." Kompyuta ikikataa kabisa, diski yenyewe mara nyingi yaweza kutolewa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine. Patana bei kabla ya kazi, na uombe kile kipande cha zamani akikibadilisha. Tena mkumbuke kwamba majina, namba za vitambulisho na za simu za wanachama hulindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Chagueni fundi mnayemwamini, na mmoja wenu akae naye kazi ikifanyika.

AKIBA HAIOZI

Sisi wa vyama twaujua msemo huu kwa pesa. Tuutumie kwa hesabu pia. Nakala moja ibaki kwenye kompyuta, ya pili kwenye flashi nyumbani kwa mweka hazina, ya tatu iandikwe katika daftari. Flashi isikae kwenye mkoba mmoja na kompyuta, maana mwizi huchukua vyote.

Basi, kila katibu aliye hapa, mkutano ujao aje na flashi yenye hesabu za kikundi, aikabidhi mbele ya wanachama, na iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Kazi hiyo ni ya robo saa. Mashine ikifa baada ya hapo, tutasikitikia mashine tu.

 Sasa tuko tayari kwa maswali.