Ya Kuanika na ya Kufunika



Zamani picha zilikaa katika albamu, na mwenye nyumba ndiye aliyechagua mgeni wa kuonyeshwa. Leo stetasi ya WhatsApp hutoweka baada ya saa 24, lakini aliyeinakili anabaki nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetupatia Tume ya kusikiliza malalamiko. Hata hivyo, Tume haiwezi kuingia katika kila simu.

Basi vijana, furaha yenu ianikeni. Namba ya kitambulisho, safari iliyoacha nyumba tupu, na ugonjwa wa mwenzako, vifunikeni. Cha mwenzako hata ruhusa ya kukitoa huna.